Mahari ya Chuma cha Wizi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, msije mkahangaika kumtafuta katikati ya hadithi, maana barazani walikuwapo watu wengi na baadhi yao walikuwa na sura za kijinga kunizidi. Lakini wao walikuwa na sura tu. Mimi nilifungua mdomo.

Ilikuwa Songea, boma la Wadachi limekwisha jengwa na vita vya Maji Maji havijaja. Wengi nitakaowataja hapa walikuwa bado na shingo zao, na mtu aliweza kucheka njiani bila kugeuka kwanza kutazama nani yuko nyuma.

Jina langu Daimu. Nilikuwa mvuta mivukuto, mpuliza moto, wa mjomba wangu Alfani, mhunzi wa upande wa Hanga. Tulichimba mawe meusi kwenye ukingo wa kijito, tukayaponda, tukayachoma ndani ya tanuru la udongo wa kichuguu mpaka yakatapika chuma, na chuma hicho mjomba akakifua kikawa jembe. Tanuru la mjomba lilikuwa mwanamke. Sifanyi mzaha. Alilifinyanga likawa na matiti mawili kifuani, akalivika shanga shingoni, na muda wote likiwa na moto tulilala huko huko porini, marufuku kukanyaga kwa wake zetu. Tanuru lina wivu. Ukitoka kwa mkeo ukaja kulivukutia, litakunyima chuma likupe makapi. Wake zetu walilijua jambo hilo, na tukirudi nyumbani tumejaa masizi walitupokea mlangoni kwa swali moja: "Mke mwenzangu kajifungua salama?"

Mimi nilikuwa nimeoa msimu ule ule. Mke wangu aliitwa Tabu, binti wa mzee Majaliwa na mama Zabibu. Tabu alinizidi urefu kidogo, na ulimi wake ulikuwa mrefu kutuzidi sote wawili. Nilimwoa kwa majembe. Kwetu mahari ilikuwa majembe. Mbuzi angekufa na kaniki ingechakaa, lakini jembe mkwe alilima nalo, na siku mwanawe wa kiume alipotaka mke, jembe lile lile lilipanguswa udongo likatoka kwenda kuoa tena. Yapo majembe ya mjomba yaliyokuwa yameoa mara nyingi kuliko nduna yeyote, hata mkuu mwenye wake wengi.

Mtu mmoja hakuipenda ndoa yangu. Huyo ni akida Bashiru, mtu wa Kilwa, aliyeletwa na Wadachi awe sauti yao kwetu. Alivaa kanzu na kofia nyekundu, na mwavuli wake aliufungua hata akiwa ndani ya kibanda. Alikuwa amemposa Tabu kabla yangu, kwa mizigo ya nguo nzuri za pwani. Mzee Majaliwa alizishika, akazinusa, akamrudishia. "Bwana akida," alimwambia, "nguo hii haiwezi kupalilia mahindi."

Basi siku moja Bashiru alituita tukusanyike, akafungua mwavuli wake na kutangaza.

"Kuanzia leo, kila kilichomo chini ya ardhi ni mali ya Kaisari, mfalme wa Wadachi! Atakayechimba bila ruhusa atachapwa, na vitu vyake vitachukuliwa!"

Mjomba Alfani akanyoosha mkono. "Bwana akida, na mihogo?"

"Mihogo imefanya nini?"

"Imo chini ya ardhi."

"Si mihogo!"

"Ahsante. Na karanga?"

"Wala karanga!"

"Na baba yangu? Tulimzika pale nyuma ya nyumba mwaka jana. Kama ni wa Kaisari, aje amchukue mapema, maana ananijia ndotoni akidai tambiko."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaangusha mtungi wake. Bashiru akapiga kelele, "Mawe, Alfani! Mawe! Chuma, dhahabu, na kila kinachong'aa!"

"Basi chuma chetu hakimo, hakijapata kung'aa," akasema mjomba, akakaa. Kwa maoni yake shauri lilikuwa limekwisha.

Hatukujua wakati ule, tulikuja kujua baadaye, kwamba mjini Songea kulikuwa na duka limejaa majembe ya Ulaya mpaka darini, na hakuna mtu aliyeyanunua. Nani anunue, wakati Alfani yupo?

Tukaendelea na kazi. Tanuru likawaka. Moshi wa tanuru haujui kujificha. Unapanda juu mweusi, unasimama angani kama mtu anayeita wageni. Wageni wakaja. Alitangulia ombasha Mussa, mkubwa wa kikosi kidogo cha askari, mtu mnene mwenye roho nzuri na miguu mibovu, na nyuma yake askari wake.

"Alfani," alisema, akihema, "samahani. Nimeagizwa nichukue kila chombo cha kazi."

Wakachukua mivukuto, nyundo, koleo, na lile jiwe kubwa la kufulia ambalo watu wawili walilibeba huku wakitukana. Halafu Mussa akalitazama tanuru.

"Na hili?"

"Huyo ni mke wa mjomba," nikasema.

"Ni chombo, si chombo?"

"Muulize mwenyewe," akasema mjomba. "Lakini kwa adabu. Ana uchungu wa kuzaa."

Mussa akakuna kichwa. Amri ilisema kila chombo. Wakalichimbua kwa visu vya bunduki, nalo likapasuka, chuma kibichi kikamwagika, askari wakaruka huku na huku kama panzi. Kilichobaki kizima kilikuwa kifua, chenye matiti mawili na shanga zake. Mussa akakitandikia majani, akamtwika askari mmoja kichwani, tukaondoka kwa maandamano hayo kuelekea Songea. Njia nzima wanawake waliacha mashamba yao wakaja kutazama.

"Huyo naye kafanya nini?" wakauliza.

"Kazaa bila ruhusa," akajibu mjomba.

Sasa nieleze kuhusu bwana wa boma, yule Mdachi aliyeamua mashauri. Jina lake la kwao lilitushinda kutamka, tukampa la kwetu: Bwana Halafu. Alikuwa kijana mwenye masharubu mekundu. Kiswahili alikijua cha kumtosha, lakini neno alilolipenda lilikuwa hilo moja. Ukimaliza kusema hakukuuliza swali. Alikutazama kwa macho yake ya kijivu, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Halafu?" Kiboko watu waliweza kukivumilia, lakini "halafu" iliwashinda. Nimemwona mtu aliyekwenda kushtaki kwamba kuku wake ameibwa. Alipigwa "halafu" chache tu, akaondoka pale amekiri kwamba kuku mwenyewe hakuwa wake tangu mwanzo.

Baraza lilijaa. Mzee Majaliwa, baba mkwe wangu, alikuja pamoja na ukoo wake wote, akakaa mgongoni kwangu kabisa. Kile kifua cha udongo kilisimamishwa mezani mbele ya Bwana Halafu. Alikitazama, akawa mwekundu kama masharubu yake, akaagiza kifunikwe kitambaa.

Akaanza na mjomba.

"Mlichimba mawe?"

"Tuliokota, Bwana. Yalikuwa yamejilalia."

"Halafu?"

"Tukayapasha moto."

"Halafu?"

"Yakapata moto."

"Halafu?"

"Halafu yakapoa, Bwana."

Watu wakaziba midomo kwa viganja. Mjomba alikuwa mtu wa kwanza Songea nzima kuishinda "halafu". Bwana Halafu akalazimika kuuliza swali la kweli.

"Chuma kiko wapi?"

"Chuma gani, Bwana? Mawe mabaya yale. Tunahangaika nayo tu, kama mtu anayekamua beberu. Majembe hatujapata. Hata moja. Mwaka huu hakuna jembe lililotoka mkononi mwangu."

Jibu zuri sana. Lingetuokoa sote. Lakini mgongoni kwangu mzee Majaliwa akakohoa.

Hapo ndipo mtu asiye wa kwetu hataelewa, kwa hiyo nitulie nieleze. Kwetu, ikisemwa mbele za watu kwamba majembe hayakutoka, na mwoaji yupo, na mwoaji akanyamaza, basi hayakutoka. Kunyamaza kwake ndiko ushahidi. Ndoa inakufa pale pale, na kesho yake shangazi wa binti wanakuja na vikapu kuchukua vyungu vyao. Ndiyo maana kijana, kabla hajaoa, anafundishwa kuyataja majembe yake moja moja, mahali popote, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Na mjomba wangu mwenyewe alikuwa amesema hivi punde, mbele ya Songea nzima, kwamba mwaka huu, mwaka niliooa, hakuna jembe lililotoka mkononi mwake.

Mzee Majaliwa akakohoa tena. Kikohozi cha pili kilikuwa na maneno ndani yake.

Mjomba akageuza jicho kunitazama. Jicho lilisema: nyamaza, mpwa wangu, nyamaza kama unavyonipenda.

Nikawa nimekwama kati ya kikohozi na jicho. Nikasimama.

"Majembe nilitoa!" nikapaza sauti. "Nani anasema sikutoa? Nilitoa jembe la kubisha hodi! Nilitoa la kumfungua baba mkwe kinywa! Nilitoa la mgongo wa mama mkwe uliombeba binti!"

"Ehee!" wakaitikia ukoo wa Majaliwa, kama ilivyo desturi.

Bwana Halafu akainama mbele. "Halafu?"

Mtu anayetaja mahari yake ni kama mtu anayeshuka mlima anakimbia, na mimi sasa nilikuwa nasukumwa kwa nyuma na kuitwa kwa mbele.

"Halafu nikatoa la bibi yake! La shangazi yake! La mjomba wake aliyekuja amelewa akasema hajapewa kitu!"

"Ehee!"

"Halafu?"

"Halafu yote yalikuwa mapya, yananuka moto! Si ya kununua, si ya kuazima! Yalifuliwa na mjomba wangu Alfani, huyu hapa, kwa chuma cha kijito chetu, na mivukuto nilivuta mimi mwenyewe kwa mikono hii!"

Ukoo wa Majaliwa wakapiga vigelegele. Mzee mwenyewe alinipiga bega na kuniambia, "Mkwe, umetaja kama mwanamume." Nikageuka nikiwa nimejaa fahari kumtazama mjomba. Mjomba alikuwa ameuficha uso kwa mikono yake. Bwana Halafu hakusema "halafu" tena. Hakuwa na haja nayo.

Hukumu ilikuwa fupi. Vyombo vyote vya kuchimbia na kufulia, mali ya Kaisari. Chuma chote kilichotoka, mali ya Kaisari. Na kila kilichopatikana kwa chuma hicho, mali ya Kaisari. Mjomba akapewa kazi ya kupasua mawe ya barabara mbele ya boma. Mimi nikapewa hamsa ishirini, yaani viboko vyao vya kawaida ishirini na vitano, ambavyo walikuwa wakivigawa kama kahawa kwa wageni. Nikalazwa kifudifudi. Kiboko cha kwanza kiliposhuka nikamsikia mjomba kando yangu akisema kwa upole, "Taja, mpwa wangu. Taja na hayo."

Ombasha Mussa akatumwa kukusanya majembe ya mahari. Bashiru alimfuata kuhakikisha, na mimi nilichechemea nyuma yao kwa sababu nilitaka kuona balaa langu linaishia wapi.

Kwa Majaliwa tulimkuta mama Zabibu shambani, jembe la mgongo wake likiwa mkononi.

"Mama, jembe hilo ni la serikali," akasema Mussa.

"Ngoja nimalize tuta."

Mussa akangoja. Alipomaliza tuta hilo akaanza jingine. Mussa akakaa chini ya kivuli cha mtama, akavua viatu. Jua lilipopinduka alipewa jembe, limechoka kuliko yeye.

Ndani ya nyumba yalipatikana mengine mawili. Yaliyobaki hayakuwepo. Mzee Majaliwa alikuwa amekwisha mwoza mwanawe, na majembe yalikwenda kwa wakwe zake upande wa Peramiho. Mussa akavaa viatu akaenda Peramiho. Huko alipokewa vizuri, akaketishwa, akapewa ugimbi kata nzima, akaambiwa kwamba majembe yale yalikaa kidogo tu, yakaenda Hanga kumwolea kijana wao. Akaenda Hanga. Akapewa ugimbi. Majembe yalikuwa yamepita hapo pia. Kila nyumba aliyoingia ilikuwa na bi harusi, na kila bi harusi alipoambiwa kilichomleta askari aliangua kilio, na mama mkwe naye akaleta kata nyingine ya ugimbi ili mgeni asihuzunike.

Mussa alirudi bomani anayumba, na kuku kwapani ambaye hakukumbuka alipewa na nani. Akasimama wima mbele ya Bwana Halafu kadiri alivyoweza, akapiga saluti.

"Bwana," akasema, "majembe yote yameoa. Nikiyafuata, nitavunja nyumba kutoka hapa mpaka Madaba."

Bwana Halafu akaamua kwamba hayo matatu yanatosha. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Bashiru alikuwa amesikia jambo katika hukumu ile ambalo sisi wengine hatukulisikia, akawa analitafuna polepole kama mua.

Asubuhi iliyofuata mzee Majaliwa alikuja kwangu na shangazi na vikapu.

"Daimu," akasema, "sina ugomvi nawe. Ulitaja vizuri. Lakini la mke wangu limekwenda, na mawili yangu yamekwenda, na shamba nalimia vidole. Mahari haipo. Nipe mtoto wangu."

"Baba mkwe, nitatoa mengine!"

"Kwa chuma gani?"

Tabu alikuwa mlangoni amekaa juu ya kinu, anatusikiliza. Shangazi walikuwa wameanza kuokota vyungu.

"Tabu," nikamwambia, "sema neno."

"Niseme nini? Kusema umemaliza wewe." Kisha akanitazama, na sauti ikashuka kidogo. "Lakini ulinitaja vizuri, Daimu. Mpaka la shangazi mwenye gundu ulilikumbuka. Wanawake wote Songea wanalisema. Mume wa jirani yetu Lidwina walipomwambia ataje, alikwama kwenye la pili."

Nilitaka kulia na kucheka, sikujua kianze kipi. Na kabla sijaamua, mwavuli ukatokea kwenye kona ya nyumba. Chini yake alikuwa Bashiru, na nyuma ya Bashiru alikuwa Mussa, anatazama vidole vya viatu vyake.

"Wekeni vikapu chini," Bashiru akawaambia shangazi. "Bwana aliamuru: kila kilichopatikana kwa chuma kile ni mali ya Kaisari. Huyu mwanamke alipatikana kwa chuma kile. Mwenyewe Daimu alikiri, kwa sauti, na mashahidi wakapiga vigelegele." Akamshika Tabu mkono juu ya kiwiko. "Nitamhifadhi nyumbani kwangu, kwa niaba ya serikali."

Mzee Majaliwa akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, shangazi wakapiga kelele kutuzidi. Ombasha Mussa akasema jambo pekee la akili asubuhi ile, kwamba tukapige kelele hizo bomani. Tukaenda njia nzima tunabishana, mimi mbele ninachechemea, Majaliwa ananisukuma, Bashiru katikati ameushika mkono wa Tabu kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mkono wa pili. Tabu alitembea kimya. Kimya cha Tabu kiliniogopesha kuliko kiboko, kwa sababu sikuwahi kukiona kabla.

Bwana Halafu alikuwa anakunywa chai. Mbele ya boma mjomba alikuwa anapasua mawe, akatuona, akaacha nyundo kusikiliza. Hakuna askari aliyemkataza. Wao pia walitaka kusikiliza.

"Bwana," akaanza Bashiru, "nimeleta mali ya serikali iliyobaki."

Bwana Halafu akamtazama Tabu kutoka kichwani mpaka miguuni. "Mwanamke si jembe," akasema.

"Si jembe, Bwana, lakini kapatikana kwa jembe. Hukumu ni yako. Ulisema kila kilichopatikana. Hukusema isipokuwa mwanamke."

Ilikuwa kweli, na Bwana Halafu alijua ni kweli, na kama kuna kitu ambacho wale Wadachi walikiogopa kuliko simba ni kuitengua amri yao wenyewe mbele ya watu. Akaweka kikombe chini.

"Utamweka wapi?"

"Kwangu, Bwana. Nitamtunza."

"Kama anavyowatunza mbuzi wa serikali," mjomba akasema kutoka kwenye mawe yake, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Kila Ijumaa tunasikia harufu yao wakitunzwa."

Askari wakaanza kukohoa. Bwana Halafu akamgeukia mzee Majaliwa.

"Wewe unataka nini?"

"Binti yangu, Bwana. Majembe yamekwenda, binti anarudi. Ndivyo ilivyo."

"Halafu?"

"Halafu nitamwoza tena."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye majembe."

Bashiru akatabasamu. "Majembe yako ghalani mwa boma. Mwenye majembe ni serikali, mzee. Umekwisha toa jibu."

Mzee Majaliwa akamtazama Bashiru na mwavuli wake, akanitazama mimi na matako yangu yaliyovimba. Alitutazama hivyo kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa mbuzi wawili wote wagonjwa.

"Bwana," akasema mwishowe, "kama ni kuchagua kati ya serikali na mjinga, nampa mjinga. Mjinga najua kwao ni wapi. Majembe atatoa siku atakayoyapata."

Upande wa mkwe nilikuwa nimepona. Alibaki Bashiru, na Bashiru alikuwa na hukumu mkononi.

Bwana Halafu akanigeukia mimi. Akanikazia yale macho ya kijivu. "Halafu?" akasema.

Kila mfupa wangu ulitaka kusema. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, yenye mama, na mapenzi, na jinsi Tabu anavyopika mboga ya likolo. Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu. Huko nyuma ya mawe nikamsikia mjomba akimshukuru Mungu.

Bwana Halafu akashangaa kidogo. Akasimama, akaanza kutembea mbele ya meza, mikono nyuma, akifikiri kwa sauti katika Kiswahili chake cha kuunganisha.

"Chuma kilikuwa chini ya ardhi. Chini ya ardhi ni ya Kaisari. Kwa hiyo chuma kilikuwa cha Kaisari. Majembe ni chuma hicho. Kwa hiyo majembe yalikuwa ya Kaisari tangu mwanzo, hata siku ya harusi. Kwa hiyo mahari..." Akasimama. Alikuwa ameona njia inakoelekea na hakuipenda, lakini alikuwa amekwisha kuikanyaga.

"Kwa hiyo mahari aliitoa Kaisari," Bashiru akamalizia kwa furaha. "Na mwanamke ni wa Kaisari. Hakuna njia nyingine, Bwana." Akaukaza mkono wa Tabu, akaanza kugeuka aondoke naye. Mama Zabibu, aliyekuwa amefika na wanawake wenzake, akajishika kichwa.

"Bwana," akasema Tabu. "Naweza kusema?"

Bwana Halafu akampungia mkono aseme.

Tabu hakuuvuta mkono wake. Alimgeukia Mdachi, akasema polepole, neno moja moja, kama mama anayemlisha mtoto uji, ili asihitajike mkalimani.

"Nimesikia, Bwana, na sina ubishi. Kama mahari yangu aliitoa huyu mjinga, basi mimi ni mke wa mjinga, naomba niachiwe nikampake dawa matakoni. Na kama aliitoa Kaisari, basi mimi ni mke wa Kaisari, nimekubali. Ila hapo naomba unijulishe jambo moja: kwenu huko, mtumishi anayemkamata mke wa Kaisari mkono, akamburuta njia nzima watu wanatazama, akasema anampeleka kulala kwake, huwa mnamchapa kwanza au mnamnyonga moja kwa moja?"